Mota ya Kukaa Mahali Pamoja



Kuna samaki katika Ziwa Naivasha anayeitwa besi. Wenzangu wa kwaya wakilisikia jina hilo hucheka, kwa maana kwetu besi ni sauti ya chini, ile ya akina kaka wanaosimama safu ya nyuma. Besi wa ziwani ni samaki wa kijani kilichokolea, ana mstari mweusi ubavuni, na mdomo wake ni mpana hadi unapita jicho. Si mwenyeji wa hapa. Aliletwa kutoka Marekani mwaka 1929 ili watu wapate samaki wa kuvua kwa mchezo. Karibu kila samaki anayevuliwa Naivasha leo ana historia ya namna hiyo. Tilapia waliletwa. Kamba wekundu wa maji baridi, nao asili yao Amerika Kaskazini, waliletwa mwaka 1970, na besi akawageuza chakula chake. Karpi alionekana mwanzoni mwa miaka ya 2000, na baadaye akawa anajaza nyavu. Samaki mdogo aliyekuwa mwenyeji halisi wa ziwa hilo hajaonekana tangu miaka ya 1960.

Ndugu msomaji, nakuandikia habari za samaki huyu, na za mota ndogo ya umeme inayotumika kumvua, kwa sababu zilinifungulia neno moja tunalolitumia sana hapa seminarini. Neno hilo ni kudumu. Tunaombewa tudumu katika wito. Tunaimbiwa tudumu. Mama zetu hutuandikia kwenye simu: mwanangu, dumu. Kwa miaka mingi nilidhani kudumu ni kutulia tu kama jiwe, yaani mtu asiondoke alipo na basi. Likizo ya Desemba iliyopita, juu ya maji, niliona kwamba kazi yenyewe ni nyingine.

Mjomba wangu, kaka wa mama, alizaliwa Port Victoria kule Busia, akaja Naivasha akiwa kijana kutafuta kazi katika mashamba ya maua. Baadaye aliacha maua akarudia kazi ya wazee wake, akanunua mashua. Baba yangu alipofariki, mimi nikiwa darasa la sita, Mjomba ndiye aliyenilipia karo mpaka kidato cha nne. Sikuwahi kumsikia akiitaja karo hiyo. Ana leseni ya kuvua kwa nyavu, na wageni wakija huwapeleka kutazama viboko na ndege, au kuvua besi kwa mshipi na ndoana. Injini yake ya petroli ni ya nguvu za farasi 15. Mgeni mmoja mzee, aliyekuwa akija kila mwaka kuvua besi, alipoona umri umemzidi alimwachia Mjomba mota yake ya umeme iwe kumbukumbu.

Pengine utauliza, mwenye injini anataka mota ya nini? Jibu liko katika tabia ya besi. Samaki huyu hatembei makundi kwa makundi katikati ya ziwa. Anajificha. Hukaa kando ya mafunjo, chini ya magugumaji, na siku hizi zaidi kwenye migunga iliyokufa ikiwa imesimama majini. Tangu ziwa lilipopanda, mwaka 2020 likafikia hata nyumba za watu katika mtaa wa Kihoto, misitu mizima ya pwani ilibaki ndani ya maji, miti mikavu na myeupe kama mifupa. Hapo ndipo besi anapovizia. Ukienda na injini ya petroli atakuwa amekimbia kabla hujakunja mkono kurusha mshipi. Ukitumia nanga, kila mara unaivuta na kuishusha, nayo inagonga na kuvuruga matope. Ukizima kila kitu, upepo unakuchukua. Naivasha ni jina lililotokana na neno la Kimaasai lenye maana ya maji yanayochafuka, na aliyewahi kuwa ziwani humo saa nane mchana hahitaji kuelezwa kwa nini.

Hapo ndipo mota ya umeme inapopata kazi. Ni kitu chepesi: kichwa chenye swichi na mpini juu, bomba refu linaloshuka majini, na chini yake mota yenyewe na propela ndogo. Inakula umeme wa betri ya volti 12. Haina mlio zaidi ya kuvuma kama nyuki aliye chumba cha pili. Kwa safari ndefu haifai. Mjomba aliniambia maneno ambayo nimeyaandika ndani ya jalada la daftari langu la metafizikia: “Ya kwenda ni ile nyingine. Hii ni ya kukaa mahali pamoja upepo ukivuma.”

Jumamosi moja wageni waliokuwa wameahidi kuja waliahirisha. Mjomba akasema twende sisi wawili tuijaribu ile mota kabla ya wageni wa Krismasi. Tulifika ufukweni saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Binti yake wa kwanza, dada yangu wa miaka 19 anayesomea ufundi wa umeme katika chuo cha ufundi, alikuwa ametangulia. Usiku wake alikuwa ameichaji betri, na sasa aliipima kwa mita, akatusomea: volti 12.7, imejaa. Alifunga waya mwekundu kwenye chanya na mweusi kwenye hasi, akakaza nati, akaweka kikata umeme karibu na betri ili mota ikikwama waya zisiungue. Kisha akaisukuma mashua pamoja nasi, maji yakamfika magotini. Hakupanda. Alisimama ukingoni akitutazama tukienda.

Tulikwenda na injini hadi karibu na miti, Mjomba akaizima, akaifunga mota ya umeme upande wa nyuma. Mimi nilikuwa nimekabidhiwa kitabu cha maelekezo. “Wewe ndiye msomi,” alisema, “soma.” Nikasoma. Kitabu kilisema ncha ya juu ya propela iwe kiasi cha sentimita 30 chini ya uso wa maji. Mjomba hakuwa na rula. Aliishusha, akawasha, na mota ikapiga kelele kubwa ikitoa povu jeupe, lakini mashua haikusogea hata hatua. Propela ilikuwa juu mno, inavuta hewa badala ya maji, inazunguka bure. Akalegeza pete inayoshika bomba, akaishusha kidogo, akasikiliza. Akaishusha tena. Povu likakatika, kelele ikaisha, mashua ikaanza kwenda polepole kama mtu anayetembea kanisani wakati wa mageuzo. Tulipokaribia mafunjo, mota ikazidi kuwa nzito: propela imefika chini sana, imejiviringisha majani. Akazima, akaipandisha, akayatoa majani kwa mkono, akalegeza pete tena na kuipunguza kina kwa upana wa vidole vitatu. Kipimo cha katikati ya ziwa hakikuwa kipimo cha kando ya mafunjo.

Jambo la pili lilikuwa usukani. Kuna skrubu inayokaza au kulegeza mzunguko wa bomba. Ikilegea, ukiachia mpini tu mota inageuka yenyewe na mashua inakwenda inakotaka. Ikikazwa mno, unapigana nayo mpaka bega linauma. Mjomba aliizungusha robo, akajaribu, akarudisha kidogo. Alitaka ikae pale inapoachwa, na bado imtii akiigusa.

Wanafunzi wa falsafa wanaosoma haya tayari wanamwona Aristotle amepanda mashua. Fadhila, alifundisha, iko katikati ya kuzidi na kupungua, na katikati hiyo haipimwi kwa rula. Katika kitabu cha sita cha Maadili yake kwa Nikomako alisema jambo ambalo huwa linatuuma sisi vijana: kijana anaweza kuwa hodari wa hesabu na jiometria, lakini busara ni adimu kwake, kwa kuwa busara inahusu mambo moja moja, na mambo hayo hujulikana kwa kuyaishi. Mtakatifu Thoma wa Akwino aliyachukua mafundisho hayo, na alipozihesabu sehemu za busara aliweka miongoni mwake utayari wa kufundishwa na wazee. Nimeandika insha kuhusu fundisho hilo nikapata alama nzuri. Lakini asubuhi ile nilikuwa nimeshika kitabu chenye jibu la sentimita 30, na mbele yangu mtu wa darasa la saba ameweka kiganja juu ya bomba la mota, amefumba jicho moja, anasikiliza kwa mkono.

Kufikia saa nne upepo ulianza. Mota ikiwa nyuma inaisukuma mashua, na upepo unaipiga omo na kuigeuza kama jani. Mjomba akaona tuihamishe mbele, ituvute. Hapo kitabu changu kilisaidia, maana kilieleza jinsi ya kulegeza skrubu za kichwa na kukigeuza nusu mzunguko ili mpini ukuelekee wewe huku propela ikivuta kwa nguvu zake za kwenda mbele. Tulibadilishana nafasi tukinyata, mmoja tezini mmoja omoni, na nikaikumbuka methali tuliyoikariri shuleni bila kuona mashua, kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Mota ilipokuwa mbele, omo iliuelekea upepo, na kila ilipotaka kuyumba Mjomba aligusa mpini kidogo, kushoto, kulia, akapandisha kasi namba moja, akashusha. Mti mkavu tuliokuwa tumeuchagua ulibaki pale pale, mita kumi upande wetu wa kulia, karibu nusu saa nzima. Mtu aliye ufukweni angesema mashua ile imetia nanga. Sisi tuliokuwa ndani tulijua hakuna dakika iliyopita bila mkono kufanya kazi.

Tulirusha mishipi. Chambo chetu kilikuwa mnyoo wa plastiki wa rangi ya zambarau. Mjomba alimpata besi mmoja, kama kilo moja na nusu hivi, akamweka ndani ya ndoo. Mimi niligongwa mara mbili mahali pamoja bila samaki kumeza. Nilipotaka kurusha mara ya tatu Mjomba akanizuia. “Mwache huyo. Anagonga kufukuza, hagongi kula. Ana watoto chini.” Katika samaki hawa, dume ndiye anayechimba kiota, na jike akishataga dume ndiye anayebaki kulinda mayai, kisha vifaranga, akiwafukuza wote wanaosogea. Mjomba alilijua hilo kabla sijazaliwa. Tukasogea mti mwingine.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike. Injini ya petroli ina neema yake: ikiunguruma, hakuna anayeweza kukuuliza swali. Miaka yote niliyopanda mashua ya Mjomba tulikuwa tukipigiana kelele za “shika!” na “angalia!” basi. Mota ya umeme ilituondolea kinga hiyo. Kulikuwa kimya. Furukombe alilia mara moja upande wa Crescent Island. Mjomba alikuwa akigonga ubavu wa mashua kwa kasia kila baada ya muda, ili kiboko aliye chini atusikie ajitokeze mbali, kwa sababu mashua isiyo na mlio inaweza kumpandia mgongoni. Kati ya kugonga na kugonga, akazungumza.

“Mpwa wangu, hiyo falsafa inaisha lini?”

“Mei, Mjomba.”

“Halafu?”

“Halafu mwaka wa uchungaji parokiani. Kisha teolojia, miaka minne.”

Alihesabu kwa vidole vya mkono usio na mpini. “Mitano.” Akagonga mashua. “Jicho langu hili la kushoto linaona moshi. Daktari amesema ni mtoto wa jicho, linapasuliwa, linapona. Lakini kupasuliwa ni pesa, na ni kukaa nje ya maji. Na la pili litafuata. Mimi nikikaa nje ya maji, mashua hii ni ya nani?”

Hakusema niache seminari. Angesema hivyo ningekuwa na majibu, kwa maana tunafundishwa majibu. Tuna mifano ya mitume walioacha nyavu na baba yao ndani ya chombo, na huwa tunaihubiri vizuri siku ya kuombea miito. Lakini katika habari hiyo sisi hutembea na wana wa Zebedayo wanaoondoka, na nadra sana hukaa na Zebedayo anayebaki. Injili inasema alibaki na watu wa mshahara. Mjomba hana watu wa mshahara. Nilikuwa nimekaa juu ya ubao wa mashua iliyonisomesha, nikamtazama mtu aliyebaki.

Nilikaa kimya muda mrefu, naye hakunihimiza. Kisha nikamwambia lile nililokuwa nimelizungumza tu na mlezi wangu wa kiroho. “Mjomba, sijui kama Kanisa litaniita mpaka mwisho. Mei namwandikia Askofu barua ya kuomba kuendelea, na jibu si langu. Lakini sitaki kuiandika barua hiyo kwa sababu naona aibu kurudi nyumbani. Wala sitaki kurudi nyumbani kwa sababu nakuonea huruma.”

Aligeuza mpini kidogo. Mti haukusogea.

“Basi usirudi kwa huruma,” alisema. “Huruma haijui kuvua.” Akagonga mashua mara mbili. “Lakini la mashua bado hujanijibu.”

Nikamuuliza ni nani aliyefunga zile waya. Akajibu bila kufikiri kwamba ni dada. Nikamuuliza ni nani aliyejua kwamba betri ya gari haifai kazi hii. Akajua nakwenda wapi. Ni dada pia. Ndiye aliyetueleza kwamba betri ya gari imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, kuwasha injini na kupumzika, na ukiitumia kuvuta mashua kutwa nzima inakufa upesi. Ila ile ya kazi ndefu ina mabamba mazito, hutoa kidogo kidogo kwa saa nyingi, nayo pia isishushwe chini ya nusu kama unataka ikae miaka.

“Ni msichana,” alisema Mjomba.

“Viboko hawaulizi, Mjomba.”

Hakucheka na hakukasirika. Alitazama majini kwa jicho lake zima. Nilijua kwamba jibu nililompa lilinifaa na mimi, na kwa sababu hiyo nililiogopa kidogo. Ni rahisi mtu kupata maono kuhusu wito wa mwenzake pale maono hayo yanapouachia huru wito wake. Kwa hiyo nilimwambia pia sehemu yangu ilivyo ndogo: wiki za likizo nitakuwa mashuani pamoja na dada mpaka azoee upepo, na habari ya jicho nitaipeleka mwenyewe kwa mama na ndugu zake, maana yeye angeendelea kuificha. Pesa sina. Alitikisa kichwa kama mtu anayepokea chenji na kuihesabu.

Saa sita upepo ulizidi, mawimbi yakaanza kupanda, na kuendelea kushikilia pale kungeinywa betri. Katika mota hizi, ukitaka kasi iongezeke kidogo, umeme unaotumika huongezeka mara nyingi zaidi; anayelazimisha hurudi kwa kasia. Mjomba alizima, akaipandisha mota, akawasha injini ya petroli, na mazungumzo yakaishia hapo. Tulipofika ufukweni alishuka kwanza. Akaniambia bila kunitazama, “Betri mpe dada yako aichaji. Mwambie Jumamosi ijayo wageni ni watatu. Saa kumi na mbili awe hapa, na avae viatu vya maji.”

Tangu nirudi seminarini nimekuwa nikilitafakari neno kudumu upya. Ukitusikiliza tunavyolisema, utadhani wito ni nanga: siku moja uliitupa, ikashika, na sasa kazi yako ni kutoikata kamba. Kwangu haujawa hivyo hata kwa wiki moja. Upepo unageuka. Wiki moja ni kifo cha nyumbani, nyingine ni rafiki aliyeondoka, nyingine ni uchovu tu usio na jina wakati wa Masifu ya Jioni. Kanisa katika mwongozo wake wa malezi wa mwaka 2016 linaita miaka yetu hii ya falsafa hatua ya uanafunzi, na mwanafunzi ni mtu ambaye bado anarekebishwa. Kina kilichofaa mwaka wa kwanza kinaokota majani mwaka wa tatu. Sala iliyokuwa inavuta vizuri inaanza kutoa povu. Hapo mtu asidhani kwamba mota imekufa. Huenda pete inahitaji kulegezwa na bomba kushuka zaidi. Na hao walezi wetu, Gambera na wenzake, ambao wakati mwingine tunawaona kama watu wa kukaza skrubu tu, nadhani kazi yao ni ile ya Mjomba: robo mzunguko huku, kidogo kule, mpaka mtu aweze kukaa pale alipoachwa na bado atii anapoguswa.

Lakini zaidi ya yote nafikiri juu ya betri. Ina uzito usiopungua kilo 25, imewekwa chini ya ubao, hakuna anayeipiga picha. Wageni huisifu mota kwa ukimya wake. Mimi nami hupewa pongezi nikirudi parokiani nimevaa kanzu nyeupe, akina mama hunishika mkono na kuniita Bradha, wananiambia nimedumu. Sasa kila nikiliona neno hilo huona jicho lenye moshi, na msichana aliyesimama maji magotini saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mimi niko hapa nikisoma Thoma kwa sababu kuna mzigo ambao wengine wanaubeba nisipouona. Siwezi kuubeba kutoka hapa. Naweza kuujua kwa jina, kuutaja katika Misa kila siku, na kuhakikisha kwamba miaka wanayoninunulia haiendi katika povu.

Dada amenitumia ujumbe juzi. Anasema amewapeleka wageni mara nne, Mjomba akiwa amekaa omoni akigonga mashua na kusema kila kitu anakifanya vibaya. Anasema mara ya nne hakusema kitu. Jicho la kushoto limepangiwa siku mwezi wa Machi. Mama na ndugu zake wamechanga, na kilichopungua Mjomba anakitafuta kwa karpi. Barua ya Askofu bado sijaiandika. Nimeandika mstari wa kwanza mara tatu na kuufuta, na safari hii sina haraka nao. Tuombeane.